Aliyechimba Kaburi la Saimone

'Uiha, Ha'apai, Tonga
11 Februari 1979

Lisiate wangu,

Barua yako ya Krismasi imefika jana, imelowa na kukauka, wino umetambaa. Nimeisoma mara tatu. Ya kwanza haraka, nione kama u mzima. Ya pili polepole. Ya tatu kwa sauti, ili wanawake tunaosuka nao mikeka wasikie ulivyoandika "mke wangu mzuri". Walicheka mpaka mmoja akakosea kusuka ikabidi afumue. "Kalo," wakasema, "huyo mtoto wa watu umemlisha nini?" Nikawaambia majimbi tu, na adabu.

Umeuliza habari za nyumbani. Paa linavuja pale pale ulipolitengeneza, fundi wangu. Nguruwe jike amezaa saba, mmoja amekufa. Wifi Siutiti amepita mara mbili mbele ya mlango bila kusalimia. Namwita wifi bado, maana hata ningeolewa mara kumi, dada wa marehemu Saimone atabaki wifi yangu, apende asipende. Mara ya tatu akasimama. Akasema, "Unachechemea." Nikamwambia nimelala vibaya. Akanitazama kiunoni, akaenda zake.

Na kweli nimelala vibaya, usianze kuhangaika. Ni nyonga ya kushoto, inauma kidogo asubuhi, nikishatembeatembea inatulia. Ningekuwa na miaka thelathini na moja kama wewe hata nisingeitaja. Lakini nina arobaini na nane, kwa hiyo watu wakiniona nimeshika ukuta wanaanza kutoa na kujumlisha. Wacha wajumlishe, kazi hawana.

Kitu kimoja nakwambia wewe kwa sababu mchungaji nimeshindwa kumwambia. Saimone amenijia ndotoni. Miaka kumi na miwili yuko kimya kaburini, hata tulipooana mimi na wewe hakuja kulalamika, na sasa mara nne ndani ya mwezi mmoja. Anakaa mlangoni, amenipa mgongo, ameshika nyonga yake, ya kushoto vilevile. Mchanga unamwagika kutoka kwenye nguo zake. Nikiamka napapasa sakafu kuona kama upo. Usinicheke.

Novemba iko mbali jamani. Nenda kanisani, vaa soksi, na wale wenzako wasikufundishe bia.

Mkeo,
Kalolaine


Auckland, New Zealand
9 Machi 1979

Mke wangu Kalo,

Soksi navaa mbili mbili na bado vidole sivisikii. Kiwandani tunasimama kutwa nzima, kondoo waliochunwa wanapita mbele yetu wananing'inia, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu ana sehemu yake ya kukata. Mimi nakata upande wa kushoto. Jioni tunarudi kwenye nyumba yetu ya wanaume tisa na jiko moja. Wengine wanatoka visiwa vya Vava'u, wengine kisiwa cha Tongatapu, na mmoja, Maikolo, ni wa Pangai hapo jirani yetu. Anakuja likizo Pasaka. Nimempa sabuni na kitambaa akuletee.

Picha yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu. Hakuna anayesema neno baya juu yake, nakuhakikishia.

Sasa Kalo, nijibu vizuri. Ni nyonga ya kushoto? Una uhakika? Inauma juu juu au ndani kwenye mfupa? Na Saimone anapokaa hapo mlangoni, mkono ameuweka mbele au nyuma? Inauma zaidi mvua ikinyesha? Nijibu moja moja, usiruke hata moja.

Na nakuomba, ndoto hizo usimwambie Siutiti. Wala makaburini usiende. Siku ya kufyeka nyasi sema unaumwa, aende mwingine. Nitakueleza nikirudi. Siyo jambo la kuandika.

Mumeo,
Lisiate


'Uiha
22 Aprili 1979

Kwa Lisiate,

Sabuni na kitambaa nimepokea kutoka kwa Maikolo. Kijana mwenye adabu sana. Alivua kofia tangu njiani, akainama, akanisalimia mbele ya wanawake wote: "Shikamoo, shangazi yake Lisiate." Wanawake wakaacha kusuka. Nikamuuliza, shangazi wa nani? Akasema, "Si wewe mama? Picha yako ipo juu ya kitanda chake. Ametuambia ni shangazi yake, dada wa baba, na hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kutania chini ya picha ile."

Nikamwambia, ndiyo, ni mimi. Nikamkaribisha, akala, akaondoka. Sikukuaibisha.

Nimefikiri wiki nzima namna ya kukuandikia jambo hili bila kukutukana. Mtu ana haki ya kuona haya. Una haki ya kutotaka wanaume wenzako wakuulize umemuoa mama wa nani. Ila ungeniambia mimi kwanza, nijue jina langu huko ni nani, nisisikie mbele ya watu. Miaka minne nimelala ubavuni kwako nikijiambia kwamba wewe peke yako ndiye usiyehesabu miaka yangu. Kumbe unahesabu, tena unajua hesabu kuliko wote.

Maswali yako kuhusu nyonga yamenichekesha, umeniuliza kama mtu anayenunua farasi. Imepona. Usiwe na wasiwasi, sitakuwa mzigo wa mtu. Na Novemba ikifika, kama huko kuna msichana wa rika lako anayejua kutembea haraka, niandikie waziwazi tu. Sitapiga kelele.

Ndoto nimemwambia Siutiti. Ulinikataza, lakini wewe sasa ni mtoto wa kaka yangu, huwezi kumkataza shangazi. Amesema aliyelala kaburini akishika mahali, basi kuna kitu kinamchoma mahali hapo, mzizi au jiwe, na maumivu yanapanda mpaka kwa aliye hai. Mvinje wa makaburini umekua mno upande wa Saimone. Anataka kaburi lifunguliwe. Yeye ndiye dada mkubwa, neno lake ndilo linalofungua kaburi. Anauliza ni akina nani waliochimba. Nimemwambia sikumbuki, siku ile nilikuwa nimefunikwa mkeka wa maombolezo mpaka usoni.

Shangazi yako,
Kalolaine


Auckland
13 Mei 1979

Kalo, Kalo wangu,

Usiandike tena neno lile pale chini ya barua. Nimelisoma kazini, nikajikata kidole.

Nilipofika hapa wiki ya kwanza waliiona picha. Unawajua wanaume wa kwetu wakiwa wenyewe. Mmoja akaanza, huyu nani, mbona ana kifua, na wa pili akawa tayari kuongeza. Nilijua nikisema "mke wangu" watacheka mpaka Krismasi, na kila usiku kutakuwa na mzaha mpya juu ya mwili wako, nami nitapigana nao mmoja mmoja nifukuzwe. Nikatafuta neno moja linalofunga mdomo wa kila Mtonga. Nani anayetania mbele ya shangazi wa mtu, hata akiwa picha? Wakanyamaza papo hapo. Wanazima redio wakipita chini yako. Nilijiona mjanja. Sikufikiri kwamba neno litapanda meli lirudi kwako. Ni ujinga, lakini sikukuonea haya. Naapa kwa Mungu.

Sasa la pili. Hili ndilo lililonifanya nikuulize maswali yale. Ni zito kuliko la kwanza.

Aliyechimba kaburi la Saimone ni mimi. Tulikuwa vijana wanne, nilikuwa na miaka kumi na tisa, na upande wa kushoto nilipewa mimi. Tulipofika usawa wa kifua nikakuta mzizi wa mvinje, mnene kama mkono wangu. Ilitakiwa niende kuomba shoka. Mvua ilikuwa inanyesha, kengele ya kanisa imeshalia, mnakuja naye. Nikaukunja kwa mguu ukutani, nikaupaka mchanga usionekane. Tukamlaza. Ulikuwa usawa wa nyonga yake, Kalo. Ya kushoto.

Na bado sijamaliza. Sikuacha kwenda kwa shoka kwa sababu ya mvua. Niliacha kwa sababu nilitaka yaishe upesi. Nilikuwa nakuona tangu nina miaka kumi na saba, ukipita kwenda kuosha mikeka baharini, ukicheka na watu. Nilipokuwa shimoni nilikuwa na furaha. Mtu mwema amekufa, ambaye hajanikosea kitu, aliyenipa samaki mara ngapi, na mimi niko ndani ya kaburi lake nachimba kwa furaha. Nilimharakisha azikwe. Miaka yote hii nalala na wewe na naujua ule mzizi upo pale unakua.

Tangu nilipokuandikia yale maswali, Saimone amehamia kwangu. Kiwandani, kondoo wakipita, kila baada ya muda mmoja anakuwa siyo kondoo. Amenipa mgongo. Upande wa kushoto unaonitazama ndio ninaotakiwa kuukata. Msimamizi amenihamishia kwenye maboksi.

Mwambie Siutiti jina langu. Lifunguliwe, ukatwe. Atakachotaka kunifanyia nikirudi anifanyie. Wewe upone tu.

Mumeo, niite unavyotaka,
Lisiate


'Uiha
24 Juni 1979

Lisiate wangu,

Pumua sasa. Imekwisha.

Tumelifungua Jumatatu asubuhi, jua likiwa kali. Mchungaji akasafiri kwenda Pangai kwa shughuli ambayo hakuisema, ili asione. Siutiti alikuja na mafuta ya nazi yenye maua na kitambaa kipya cha magome alichokigonga mwenyewe. Wanaume wanne walichimba, nami nikakaa pembeni kwenye mkeka.

Mzizi ulikuwepo. Pale pale uliposema, upande wa kushoto, umeingia kwenye nyonga umetokea upande wa pili. Siutiti aliukata kwa shoka mara tatu, akaosha mifupa yote moja moja, akaipaka mafuta, akaifunga, tukamlaza tena. Alipokata mara ya tatu nilihisi kitu kimeachia huku kwangu, kama mtu ameondoa mkono. Nimerudi nyumbani kwa miguu yangu. Jioni niliwachezea wale wanawake kidogo, wakapiga makofi. Kwa hiyo deni lako na Saimone limelipwa, usilibebe tena hata siku moja. Umenisikia? Hata siku moja.

Uliniambia ulikuwa na furaha shimoni. Basi na mimi nikwambie nililokuwa nalo chini ya ule mkeka. Nilikuwa na njaa. Saimone niliyemuuguza miezi mitatu, niliyempenda, anashushwa chini, na mimi nawaza viazi vikuu vilivyokuwa vinaokwa nyuma ya kanisa, kama watanibakizia vya pembeni vilivyoungua kidogo. Miaka kumi na miwili nimeona aibu. Mtu hachagui kinachomjia wakati kama huo, Lisiate. Ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukapenda. Ungefurahia nini kingine, mtumbwi kutoboka?

La shangazi nimelisamehe. Nimecheka mpaka machozi nilipoelewa. Ila jamani, shangazi! Si ungesema hata binamu.

Sasa kaa huko mpaka Novemba, umalize mkataba wako kama ulivyoahidi. Hakuna haraka yoyote huku. Ukiondoka kabla, hawatakuchukua tena, na wewe una miaka mingi ya kufanya kazi. Usije mapema. Mwandiko umelala kidogo kwa sababu naandika chini mkekani, meza nimeiazimisha.

Mkeo, tena mzima,
Kalolaine


'Uiha
2 Julai 1979

Lisiate,

Ni Siutiti, dada wa Saimone. Sikupendi na unajua. Ulipomuoa mke wa kaka yangu nilisema maneno kanisani na sijayarudisha. Kwa hiyo nitakayoandika usidhani nayaandika kwa ajili yako.

Hapakuwa na mzizi. Nilishuka mimi mwenyewe. Mchanga nimeupitisha kwenye vidole vyangu hivi, upande wa kushoto na wa kulia. Kama uliukunja mzizi mwaka ule, basi ulioza zamani. Kaka yangu amelala vizuri, mkavu, nyonga zote mbili safi. Kaburi lake ulilichimba vizuri na limenyooka. Hilo nalisema kwa kuwa ni kweli.

Nilipowaambia waliokuwa juu kwamba hakuna kitu, Kalo alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alibebwa kufika pale na alibebwa kurudi. Akasema, "Wifi, mtasema mzizi ulikuwepo." Nikamwambia, mimi sisemi uongo juu ya mifupa ya kaka yangu. Akasema, "Yule kijana amebeba mzizi huo tangu ana miaka kumi na tisa. Akisikia haupo, na mimi sijapona, atatafuta kosa lingine la kujitwisha. Mkatie, wifi. Mkatie huo mzizi." Akalia mbele ya wanaume. Sijamwona akilia hata siku ya Saimone. Basi nikachukua shoka, nikakata mchanga mara tatu. Wale wanaume wanne nimewaapisha. Mimi niliyebatizwa nikiwa na siku nane, nimedanganya mchana kweupe kwa ajili yako.

Daktari wa Pangai alimwambia tangu Machi. Ni uvimbe ndani ya mfupa, umeshatembea. Haukatwi. Labda mpaka Septemba, labda siyo. Alijua kabla Maikolo hajaja na upuuzi wenu wa shangazi. Ile barua aliyokuandikia ya kukuachia wasichana, nusu yake ilikuwa hasira kweli, nusu alifurahi amepata sababu. Anasema, "Akijua atakuja, akija atanitazama nikifa, halafu ana miaka arobaini ya kulikumbuka. Mimi nilimtazama Saimone. Najua linavyokaa ndani ya mtu."

Namlisha mimi. Namgeuza mimi. Nilianza kwa sababu ni wajibu, sasa sijui ni kwa sababu gani.

Ndoto hazijaacha. Ila sasa anasema Saimone amegeuka. Hayupo tena mlangoni, yupo katikati ya chumba, anamtazama. Namuuliza, anaonekanaje? Anasema, "Kijana. Wifi, amekuwa kijana kuliko nilivyomwacha, na mimi mzee. Nitamwambia nini?" Nililala kando yake nimemshika mkono.

Anakuita jina lako akisinzia. Njoo. Usimwambie nimekuandikia.

Siutiti


Auckland
20 Julai 1979

Mke wangu Kalo,

Barua yako imefika na nimeisoma kama ulivyosoma ile yangu, mara tatu. Ahsante Mungu mzizi umekatwa. Nilipumua kama ulivyoniambia. Saimone ameondoka kiwandani, sijamwona tena, wanaopita ni kondoo tu. Mwambie Siutiti namshukuru kwa shoka lake, hata kama hataki shukrani zangu.

Picha yako ipo pale pale ukutani, lakini jina nimelibadilisha. Juzi wakati wa chakula nilisimama nikawaambia wote, "Huyu siyo shangazi. Ni mke wangu, ana miaka arobaini na nane, anaitwa Kalolaine, na kaburi la mume wake wa kwanza nililichimba mimi." Wakacheka siku mbili mfululizo. Niliwaacha wacheke. Wala sikumpiga mtu. Mmoja kaniuliza pembeni, "Haikusumbui kwamba atakutangulia?" Nikamwambia kila mtu hapa ndani mkewe atamtangulia au atamfuata, hakuna mkataba wa tatu.

Sasa kuna jambo la aibu kidogo. Nimeumia goti. Niliteleza kwenye maboksi, siyo kitu kikubwa, lakini msimamizi hataki mtu anayechechemea, kwa hiyo Novemba tena haipo. Nimepata ndege ya tarehe ishirini na tisa mpaka Nuku'alofa, halafu meli. Barua hii nampa mke wa mchungaji wetu wa hapa Auckland, anayeondoka kesho, itanitangulia kwa wiki moja au zaidi. Usinilaumu kuhusu mkataba. Goti ndilo la kulaumiwa.

Najua uliniambia nisije mapema, na wewe umepona, unacheza, una shughuli zako. Samahani kwa kukuletea mgonjwa. Mume wa miaka thelathini na moja anarudi hawezi hata kubeba ndoo. Daktari amesema nisitembee ovyo, nisisimame muda mrefu. Nilale, nikae chini. Kwa hiyo usije kunipokea melini, itanitia aibu ukiniona ninavyoshuka. Usinipikie. Kaa ndani tu, nitafika mwenyewe, pole pole.

Na nikishafika utanivumilia, mke wangu. Sitaki uende kusuka ukaniacha peke yangu. Nitakuwa nimelala mkekani kutwa, nawe ulale hapo hapo kando yangu, tuzungumze, hata kama huna usingizi. Usiku nikiamka amka na mimi. Kama kuna mtu mwingine amesimama ndani ya chumba hicho, nionyeshe, nitamwambia mimi cha kumwambia. Ananijua.

Usione tabu kwa ajili yangu. Watu wakisema yule mwanamke anauguza mume kijana, waache waseme. Sitakuuliza kitu usichotaka kunieleza.

Ila nisubiri, Kalo. Siku hizi natembea taratibu sana, na njia kutoka bandarini nitaikuta ndefu. Wewe ndiye mwenye miguu sasa. Usiende popote kabla sijafika.

Mumeo,
Lisiate